Maneno Yaliyobaki Kwenye Chujio

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na karatasi zimeanza kiburi. Rimu niliyoifungua asubuhi ilikuwa imevuta unyevu hadi kona zimejikunja. Mashine ya kopi inazipokea, inazitafuna, kisha inaniwashia taa nyekundu kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nimefungua ubavu wake, nimechomoa karatasi, nimefunga. Nimefungua tena. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti akaniuliza kama mashine ni mbovu. Nikamwambia hapana, ina mafua tu.

Karatasi zilizotafunwa sizitupi. Hizi ninazoandikia sasa ndizo hizo, upande wa nyuma.

Mwalimu ameanza kazi leo. Ni mume wangu. Hafundishi tena tangu macho yalipomwishia, lakini jina limebaki, hata mama yake anamwita hivyo. Ofisi moja ya kutengeneza vitabu vya shule imemchukua awe mhariri, kwa majaribio, mpaka mvua zitakapokwisha. Wakimpenda wanamwajiri. Wasipompenda atarudi kwenye kile kiti cha dirishani na redio yake, na mimi sina nguvu ya kumtazama tena kwenye kile kiti. Hilo ndilo lililopo. Mengine yote ni mapambo.

Jumatano, 6 Machi

Nilieleze Chujio hapa, nisije nikalisahau mwenyewe.

Dukani watu huniletea kila aina ya faili. Barua zilizochapwa kwenye simu, PDF zilizoskaniwa zikiwa zimelala ubavu, majedwali, slaidi za mikutano, barua pepe iliyofichwa ndani ya barua pepe nyingine. Mwalimu alipoacha kuona, simu ikawa inamsomea kwa sauti, lakini ikikutana na mafaili kama hayo ilikuwa inabwabwaja: "Picha. Picha. Nembo. Mstari. Ukurasa wa kwanza." Mtu anataka kusikia barua ya dada yake, anasomewa nembo. Ndipo nikajifunza kuandika programu, kwa video za bure na kwa kukosea sana.

Nilichotengeneza kinaitwa maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Ni msimbo ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuupachika kwenye programu yake. Unaupa waraka wa aina yoyote, wenyewe unakutolea maandishi matupu. Hakuna rangi, hakuna fonti, hakuna madoido. Maneno tu, yamepanga foleni. Nikaliita Chujio, nikaliweka mtandaoni bure, na watu nisiowajua wakaanza kulitumia na kunilalamikia.

Kila asubuhi maji ya chai yanapochemka, Chujio linaingia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya ofisi ya Mwalimu. Nywila kanipa mwenyewe. Linachota mafaili ya siku, linayachuja, linayatuma kwenye simu yake. Makosa anayoyasikia anayataja kwa sauti, na mpiga chapa wa ofisi anayaingiza.

Sauti ya simu ni ya kike. Mama mkwe, tunayeishi naye, amempa jina: Mke Mwenza.

"Tazama anavyolala naye sikioni," ananiambia. "Na wewe uko hapo unamchemshia chai."

Jumamosi, 9 Machi

Kobe ameandika. Simjui, ila picha yake mtandaoni ni ya kobe na Kiswahili chake kina adabu inayochosha. "Ndugu Mtunzaji, nakushukuru kwa kazi yako njema. Naomba kufahamu kwa nini Chujio linayaacha maoni ya pembeni, yale ambayo wasomaji huyaandika kando ya waraka. Ofisini kwetu maoni hayo ndiyo kazi yenyewe."

Nikamjibu: "Maoni ya pembeni si waraka. Ni kelele za watu waliokaa karibu na waraka. Chujio haliyaachi, linayasafisha."

Nilijiona nimesema neno kubwa. Nikaenda kufungua duka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mafua ya mashine. Nimekula nimesimama.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu amerudi amelowa hadi soksi. Nikamuuliza ofisi ikoje.

"Kimya," akasema. "Kimya kama duka la majeneza. Nasikia vidole vyao kwenye kibodi tu. Nikisalimia wanaitikia, halafu wanarudi kuchapa."

"Labda wana kazi nyingi."

"Labda. Au mimi ndiye jeneza."

Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaishia katikati.

"Si uwaulize wana nini?" mama mkwe akadakia kutoka jikoni.

"Mama, huwezi kumuuliza mtu kwa nini hasemi na wewe."

"Mimi naweza. Nipeleke."

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi Mwalimu aliniita akiwa bado na kiatu kimoja. "Fundi, njoo umsikilize mwenzako."

Mke Mwenza alikuwa anasoma kitabu cha historia, kwa utulivu wake ule ule: "Mfalme aliugua kwa muda mrefu, jaza nafasi zilizo wazi, akafa akiwa amezungukwa na penseli iliyochongwa vizuri."

Mama mkwe akauliza hicho ni kifo gani.

"Kifo cha ofisini, mama," Mwalimu akamjibu.

Ukurasa umegawanywa safu mbili, hadithi kushoto na zoezi kulia, na Chujio linaukata moja kwa moja kama mtu anayevuka shamba la watu. Lazima nilifungue faili lenyewe nilione kwa macho. Kesho au keshokutwa. Leo kuna foleni ya wanafunzi na fomu zao, na wote wanataka kulamineti.

Jumatano, 20 Machi

Leo duka nimelifungua nimechelewa, na nilipofungua sikuwa na maana yoyote.

Nililifungua faili ili nione zile safu mbili. Safu niliziona. Nikaona na kitu kingine. Pembeni pamejaa. Vibanduku vya rangi vimeshuka toka juu ya ukurasa hadi chini, kila mtu na rangi yake. Buluu ni Mkurugenzi, mama mmoja ambaye Mwalimu anamsifu kwa sauti yake ya taratibu. Kijani ni mchoraji. Rangi ya machungwa ni mhariri mwenzake tunayemwita Bwana Tai, kwa sababu mpiga chapa amemhakikishia Mwalimu kwamba hata siku ya mafuriko mtu huyo atakuja ameifunga.

Ile ofisi haina kimya chochote. Inaongea kutwa, ila inaongelea pembeni. Hata mambo ya chakula cha mchana wanaulizana humo, watu waliokaa meza zinazogusana. Ndiyo desturi yao, wala hakuna aliyeona haja ya kumweleza mgeni. Wamedhani simu yake inamsomea kila kitu.

Mkurugenzi, wiki ya kwanza: "Karibu sana Mwalimu. Ukiwa na swali lolote, niulize hapa hapa."

Mkurugenzi tena: "Mwalimu, mwaka huu una uhakika nao?"

"Mwalimu, naomba jibu kabla ya Ijumaa."

"Mwalimu?"

Halafu Bwana Tai: "Sentensi yangu umeigeuza kwa nini?" Na chini yake, baada ya siku kadhaa: "Tumuulize yeye au tuiulize simu yake?" Mchoraji ameweka kikaragosi kinachocheka. Bwana Tai akamalizia: "Labda mashine yake inamsomea anayoyapenda tu."

Huyo, Mungu anisamehe, alikuwa amekaribia ukweli kuliko wote. Ila si ayapendayo Mwalimu. Ni niyapendayo mimi.

Nilikaa nikitazama. Wao wanasema hajibu, yeye anasema hawamsemeshi, na katikati nimesimama mimi na Chujio langu, nimepokea salamu za pande zote mbili na kuzimwaga.

Dawa ilikuwa moja. Kumwambia leo hii. Lakini nikimwambia, itabidi asomewe yote, na Mke Mwenza hajui kupunguza ukali. Tusi na tangazo la mkutano anavisoma kwa pumzi moja. Nikamwaza Mwalimu njiani, simu sikioni, mvua inamnyeshea, anasikia "tuiulize simu yake" kwa sauti ile ya upole.

Basi nikaingia kwa nywila yake. Chini ya swali la Mkurugenzi nikaandika: "Samahani kwa kuchelewa. Mwaka huo nitauhakiki na kukujibu kesho." Jina lake likajiandika lenyewe juu ya maneno yangu, kwa rangi ya zambarau. Walimtengea rangi tangu siku ya kwanza, na ilikuwa haijatumika.

Safu mbili nimezitengeneza pia. Mfalme sasa anafia kitandani.

Alhamisi, 21 Machi

Wakati wa chai nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda, ule mwaka wa kwenye sura ya pili ulijulikanaje. Akaacha kikombe, akanieleza kwa mikono miwili. Nikaandika yote pembeni, kwa zambarau.

"Umeanza kupenda historia, Fundi," akasema. Amefurahi. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 29 Machi

Nimekuwa na ajira ya tatu. Asubuhi Chujio, mchana duka, na katikati ya wateja mimi ni Mwalimu. Yale ninayoyaweza namchokonoa kwenye chai. Yale nisiyoweza kumchokonoa nayajibu kwa akili yangu, na nimegundua kwamba jibu lisilomuudhi mtu ni "sawa".

Leo Bwana Tai ameandika: "Hii koma uliyoniwekea ni ya nini?"

Nilikuwa nimechoka, mashine imetafuna mtihani wa shule nzima. Nikamjibu: "Ni ya kupumzikia. Sentensi yako ina kilomita."

Nikajuta kabla hata sijafunga. Baada ya muda machungwa yakarudi: "Hahaha! Mwalimu, kumbe wewe ni mtu!"

Jumanne, 2 Aprili

Mwalimu amerudi ana sauti nyingine. Bwana Tai amemshika bega, amempeleka kula, amemtambulisha kwa watu wa mezani.

"Kila saa ananiambia, 'Sentensi yangu ina kilomita!' halafu anacheka mpaka anakohoa."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikacheka pia."

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Nilikuwa nacheka kwamba tunacheka." Akavua koti. "Wamebadilika, Fundi. Sijui nimefanya nini."

Mama mkwe akanitazama. Yule mama akikutazama unakagua vifungo vyako.

Jumatano, 10 Aprili

Kobe amerudi kuomba maoni ya pembeni, safari hii na mfano wa faili. Sikumjibu. Ningemwambia nini, kwamba maoni ya pembeni nayafanyia kazi binafsi?

Jumatatu, 15 Aprili

Mwalimu anapenda sura ya nane kuliko zote. Inahusu watu waliojenga reli. Leo kaisikiliza tena akiwa ananyoa ndevu. "Ndiyo sura pekee ya kitabu hiki ambamo watu wanatoka jasho," akasema. "Kwingine kote ni watu wanasaini mikataba." Anaisema sura hiyo kama mtu anavyomsema mtoto wake aliyechelewa kuongea.

Jumatano, 17 Aprili

Umeme umekatika, umerudi, umekatika. Tona imemwagika mkononi. Katikati ya hayo nikayajibu maswali ya pembeni yaliyokuwa yamelundikana, kwa simu, nimesimama mlangoni. Sawa. Nimeona. Asante. Nakubali, fanyeni mnavyoona. Sawa.

Nimelala na viatu.

Jumatatu, 22 Aprili

"Fundi, Chujio lako limemeza sura."

Alikuwa amekaa kitandani, simu mkononi. Mke Mwenza anamaliza sura ya saba, anaanza ya nane, lakini hiyo ya nane ni ile iliyokuwa ya tisa. Watu wa reli hawamo. Mwalimu amerudisha nyuma, ameenda mbele, ameitamkia simu itafute "reli". Amepata "kwa kweli" nyingi.

"Ni zile safu zako mbili tena?" akauliza. Hakuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa ananionea huruma kwa kazi.

Nikasema nitaangalia.

Niliangalia. Pembeni, kwa buluu: "Mwalimu, kitabu kimezidi kurasa tulizopangiwa. Najua umeifanyia kazi sana sura hii, ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza kabla ya yeyote. Naona tuiondoe yote. Kama una pingamizi, niambie nitaitetea juu." Na chini yake, kwa zambarau: "Nakubali, fanyeni mnavyoona."

Nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza tu. Wa kurasa.

Jumanne, 23 Aprili

Kaniuliza kama nimeona tatizo. Nikasema naendelea.

Jumatano, 24 Aprili

Kaniuliza. Nikasema ni aina mpya ya faili, inasumbua. Mdomo wangu siku hizi unatengeneza uongo wenyewe, hauniulizi.

"Pole," akaniambia. "Usijichoshe."

Baadaye akaongeza: "Nimemwambia Bwana Tai mke wangu atalitengeneza. Nimemwambia huwa hakimshindi kitu."

Alhamisi, 25 Aprili

Mama mkwe alikuja dukani, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwenye mvua. Akakaa kwenye kigoda cha wateja na mwavuli wake unachuruzika.

"Mwanangu, una nini na mwanangu?"

Nikamwambia. Mashine ilikuwa inapiga kopi, kwa hiyo nilimwambia kwa sauti ya juu kidogo kuliko mambo yenyewe yalivyostahili.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo kuna mtu alimtukana."

"Ndiyo."

"Na kuna mtu alimkaribisha."

"Ndiyo."

"Na vyote viwili umevikalia wewe." Akasimama, akafungua mwavuli akiwa bado ndani. "Mimi nilidhani ni mwanamume. Mwanamume ningejua la kukushauri."

Jumamosi, 27 Aprili

Duka limefungwa. Nimekaa na Chujio tangu kulipokucha.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo linaloniuma. Maoni ya pembeni yamo ndani ya faili siku zote, kwenye kichumba chao, na kila neno lina jina la aliyelisema, siku, na mahali linapogusa. Mimi ndiye nilikuwa napita mlangoni bila kugonga. Sasa Chujio linasoma mstari wa kitabu, linasema "maoni", linataja jina, linasoma lililoandikwa, linarudi kitabuni. Yote, ya Mwalimu pia, niliyoyaandika mimi.

Nililijaribu kwa faili la Kobe. Nikamwandikia: "Ulikuwa sahihi tangu Machi. Toleo jipya lina maoni. Samahani kwa jibu langu la kwanza." Nikasita kidogo kabla ya neno samahani. Si kwa ajili ya Kobe.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia, "Chujio limepata kipya. Kaa usikilize. Mimi niko hapa hapa."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele mezani. Hakuondoka, wala sikumwomba aondoke.

Mke Mwenza akaanza. Kichwa cha kitabu, sura ya kwanza, kisha: "Maoni. Mkurugenzi. Karibu sana Mwalimu. Ukiwa na swali lolote, niulize hapa hapa."

Akainua kichwa. "Alinikaribisha?"

"Wiki ya kwanza."

Uso wake ulifunguka, na mimi nikatazama mchele.

"Maoni. Mkurugenzi. Mwalimu, mwaka huu una uhakika nao? Maoni. Mkurugenzi. Mwalimu, naomba jibu kabla ya Ijumaa. Maoni. Mkurugenzi. Mwalimu?" Hata kile kiulizo kakisoma vizuri. Kisha Bwana Tai na lile lake la kuuliza simu. Kisha kikaragosi, ambacho Mke Mwenza alikitangaza kwa maneno: "Uso unaocheka kwa machozi."

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza. "Anakaa wapi?"

"Mama, nyamaza." Alikuwa ameegemeza sikio, kama anavyofanya mtu aliyepotelewa na stesheni ya redio, sasa kaipata.

"Maoni. Mwalimu. Samahani kwa kuchelewa. Mwaka huo nitauhakiki na kukujibu kesho."

Akanyoosha mkono, akasimamisha. "Rudia hapo."

"Maoni. Mwalimu. Samahani kwa kuchelewa."

"Mwalimu gani?"

"Ni mimi," nikasema.

Akaiachia simu iendelee, na ikaendelea, sura baada ya sura, na mimi nikajisikia nikisomwa. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa na mzaha mwingi. Kwenye koma ya kupumzikia mama mkwe alicheka, halafu akaziba mdomo kwa mkono wenye unga wa mchele. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anaunganisha: bega, chakula cha mchana, kilomita.

Ikafika mwisho wa sura ya saba. "Maoni. Mkurugenzi. Mwalimu, kitabu kimezidi kurasa." Akasikiliza hadi kwenye "nitaitetea juu". Akatabasamu kidogo, mtu anayejua atajibu nini.

"Maoni. Mwalimu. Nakubali, fanyeni mnavyoona."

Akaiweka simu mezani, kioo kikitazama chini.

"Walikuwa wananiuliza," akasema. "Muda wote huu walikuwa wananiuliza."

"Nilitaka wasikuone umeshindwa."

"Wao wananiona kutwa, Fundi. Mimi ndiye siwaoni. Nilichokuwa nakitaka ni kuwasikia tu."

"Na yale matusi?"

"Yangu. Niliandikiwa mimi. Hata kutukanwa umenipokelea."

Nikasema nilikuwa nimechoka. Ni kweli, lakini kwa wakati ule lilisikika kama kitu nilichokiokota sakafuni.

Akapapasa njia, akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani. Redio hakuifungua.

Jumatatu, 29 Aprili

"Mama, mwambie Fundi nimeondoka."

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama katikati yetu: "Fundi, ameondoka."

Jumanne, 30 Aprili

"Mama, mwambie Fundi chumvi imezidi."

"Mwambie mwenyewe. Mimi si simu."

Hakuniambia. Amekula.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimemsikia Mwalimu kama watu wengine wote walivyomsikia, maji ya chai yakichemka. Chujio limechota faili la ofisi, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, juzi mchana, kabla ya sikukuu ya Mei Mosi, mpiga chapa akimshikia kibodi, kaandika:

"Kwa wote. Majibu yote yenye jina langu kabla ya leo si yangu. Yaliandikwa na mke wangu, kwa nia njema na bila ruhusa. Sikujua kwamba mnaongea huku. Naomba kila swali liulizwe upya, nami nitajibu mwenyewe. Kuhusu watu wa reli: sikubali."

Nilisoma mara nyingi. Niliipenda ile "kwa nia njema". Niliiogopa ile "na". Majaribio yake yanaisha wiki ijayo, naye kaenda kuwaambia waziwazi kwamba mtu waliyeanza kumpenda ni mimi.

Ijumaa, 3 Mei

Pembeni leo:

Mkurugenzi: "Nimesoma. Mwalimu, tuonane ofisini kwangu Ijumaa ijayo. Ana kwa ana." Basi.

Bwana Tai: "Kumbe nimekuwa nachekeshwa na mke wa mtu."

Mwalimu: "Na mimi nikawa nakula chakula chake."

Bwana Tai, baada ya muda mrefu: "Lile la kuuliza simu, Mwalimu. Samahani."

Mwalimu: "Usijali. Lilisomwa kwa sauti nzuri sana. Sasa, hii sentensi yako. Ile koma aliyoitetea mke wangu ni yangu, na bado naitaka. Ila nyingine zote ziondoe, umezimwaga kama chumvi."

Ndiyo mzaha wake wenyewe. Ni mkavu kuliko wangu na unachelewa kufika. Nilikuwa nimeusahau.

Jumatatu, 6 Mei

Kaniambia, moja kwa moja, bila mkalimani: "Karatasi zako zina harufu ya ukungu." Nikamwambia ni mvua. Akasema anajua. Maongezi marefu kuliko yote ya wiki.

Jumatano, 8 Mei

Kobe: "Ndugu Mtunzaji, toleo jipya linafanya kazi vema. Nilikuwa nimekata tamaa na wewe." Adabu imepungua. Nimempenda zaidi.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi jua lilitoka, likawa geni kama mtu aliyekosea nyumba. Nilianika kila kitu, hata rimu. Mwalimu aliondoka na shati nililompigia pasi. Hakusema kama amelijua.

Sikufanya kazi yoyote ya maana. Mteja alitaka kopi mbili nikampa rundo. Kila simu ilipolia niliiangusha.

Alirudi jioni, jua lingali juu ya mabati. Akasimama mlangoni, akakung'uta viatu ambavyo kwa mara ya kwanza tangu Machi havikuwa na tope. Mama mkwe hakumpa nafasi ya kukaa.

"Wamesemaje?"

"Watu wa reli wanarudi. Si wote. Nimepewa nusu ya kurasa, nichague nani abaki." Akatafuta kiti kwa mkono, si cha dirishani, hiki cha mezani karibu na mimi. "Alitaka kujua kama nitaweza kujibu mwenyewe. Nikamwambia aniulize. Akaniuliza mchana mzima."

"Na kazi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka imekunjamana kama karatasi ya Machi.

"Anasema hanijui bado. Anasema wiki zote alizokuwa ananijaribu, alikuwa anamjaribu mtu mwingine. Kwa hiyo majaribio yameongezwa hadi mvua nyingine."

Nikahema. Haikuwa ajira, lakini haikuwa kiti cha dirishani.

"Na wewe," akasema, akinigeuzia uso, "nimekuongezea hivyo hivyo."

Nikamsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole vyake.

"Na Mke Mwenza?" mama mkwe akauliza.

"Huyo," Mwalimu akasema, akitoa simu mfukoni na kuilaza mezani kwa heshima, "ameajiriwa."